Naacha zoezi la "eneo": hili hapa zoezi la saa la kufundishia ovalodingi ya metodi, naomba mlikosoe

#1 mwl_java (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Java, lugha ya kuandikia programu, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wengi wao hawajawahi kuandika programu hata moja kabla ya kufika kwangu. Kila muhula nikifika kwenye ovalodingi, yaani metodi (vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina) mbili au zaidi zenye jina moja ndani ya klasi moja lakini vigezo (taarifa zinazopewa) tofauti, nilikuwa natoa zoezi lile lile nililopewa mimi enzi zangu: andika metodi iitwayo eneo, moja ya mstatili, moja ya mraba, moja ya duara. Naamini wengi humu mmelipitia.

Muhula huu nimeliacha. Nieleze kwanza sababu.

Mstatili una urefu na upana, namba mbili, hauna shida. Mraba unahitaji upande mmoja, duara linahitaji nusu kipenyo, kila kimoja namba moja. Ukiandika eneo(double upande) na chini yake eneo(double nusuKipenyo), kompaila (programu inayokagua na kutafsiri kodi kabla haijaendeshwa) inakataa, kwa sababu majina ya vigezo haiyaangalii kabisa. Inaangalia jina la metodi, idadi ya vigezo, aina zao na mpangilio wao, basi. Walimu tukatafuta upenyo: mraba upewe int (namba kamili), duara lipewe double (namba yenye desimali). Kompaila ikaridhika, nasi tukaendelea kugawa vema.

Binti mmoja darasani akaandika hivi:

```
System.out.println(eneo(7));
```

Alikuwa anataka duara la nusu kipenyo 7. Mnajua kwa nini 7: tangu shule ya msingi duara letu ni la 7 au 14, ili 22/7 ikate vizuri. Skrini ikamwonyesha 49. Akaniita: "Mwalimu, nimepiga kwa mkono nimepata 154, kompyuta inasema 49. Nani kakosea?"

Yeye hakukosea. Kompaila nayo haikukosea, imeona 7 ni namba kamili ikaenda kwenye mraba. Kosa ni la zoezi. Tulikuwa tunamfundisha kwamba alama ya desimali ndiyo inayotofautisha mraba na duara, jambo ambalo halimo kwenye hesabu wala kwenye akili ya mtu yeyote. Angeandika 7.0 angepata 153.938 na asingegundua kitu, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi zaidi.

Nikakaa nikajiuliza jina moja linafaa lini. Jibu langu ni hili: linafaa pale kazi ni ile ile na kinachobadilika ni namna mtu anavyoleta taarifa zake. Mraba na duara ni kazi mbili, kwa hiyo wapewe majina mawili, eneoMraba na eneoDuara. Ovalodingi itafutiwe kazi moja yenye milango mingi.

Kazi niliyoichagua ni kutaja saa kwa Kiswahili. Mtu anaweza kuleta saa tupu (14), saa na dakika (14, 30), au maandishi kama yanavyosomeka kwenye simu ("14:30"). Kwa vyovyote vile anataka kuambiwa kitu kile kile: saa nane na nusu mchana.

```
static String semaSaa(int saa, int dakika) {
    int s = (saa + 6) % 12;
    if (s == 0) s = 12;
    String jibu = "saa " + NAMBA[s];
    if (dakika == 15) jibu += " na robo";
    else if (dakika == 30) jibu += " na nusu";
    else if (dakika > 0) jibu += " na dakika " + dakika;
    return jibu + " " + wakati(saa);
}

static String semaSaa(int saa) {
    return semaSaa(saa, 0);
}

static String semaSaa(String muda) {
    String[] v = muda.split(":");
    return semaSaa(Integer.parseInt(v[0]),
                   Integer.parseInt(v[1]));
}
```

NAMBA ni safu ya majina "moja" hadi "kumi na mbili", nafasi ya 0 ikiachwa wazi. Metodi wakati(int saa) nawapa tayari: 4 na 5 alfajiri, 6 hadi 11 asubuhi, 12 hadi 15 mchana, 16 hadi 18 jioni, zilizobaki usiku.

Ila siwapi kodi hii mwanzoni. Kwanza wanaandika metodi tatu zenye majina matatu: semaSaaTupu, semaSaaNaDakika, semaSaaYaMaandishi, halafu wanaziita mara kumi ndani ya main, metodi ambako programu inaanzia. Wakichoka kukumbuka ipi ni ipi ndipo nawaambia futeni majina yote, andikeni semaSaa, mwone kama programu itakubali. Ikikubali darasa zima linanyanyua vichwa. Hapo ndipo nawaambia kwamba wamekuwa wakitumia ovalodingi tangu siku ya kwanza: println, ile ya kuchapisha kwenye skrini, pekee ina sura 10 ndani ya klasi ya PrintStream, moja isiyo na kigezo na nyingine tisa za boolean, char, int, long, float, double, char[], String na Object. Hawajawahi kujiuliza kwa nini println(5) na println("tano") zote zinakubali.

Semeni wapi panalegea.

#2 chatu

Mkuu, asante kwa uzi. Hoja ya mraba na duara nimeielewa, na mimi nililikariri zoezi lile bila kuona tundu lake.

Ila niulize kwa nia njema. Mimi ni mtu wa Python. Huku mfano wako nauandika mara moja tu: def sema_saa(saa, dakika=0) nikamaliza. Kuna haja ya kumbebesha mwanafunzi metodi mbili ili kusema dakika ni sifuri?

#3 mwl_java (mleta uzi)

Mkuu chatu, kwa mlango wa kwanza na wa pili uko sahihi, na hata lugha ya Kotlin ingekuruhusu ufanye hivyo hivyo. Java haina thamani ya kigezo iliyowekwa tangu awali, ndiyo maana inabidi niandike metodi ndogo inayoiita kubwa.

Mlango wa tatu ndio unaotofautisha. "14:30" ni maandishi. Ndani ya def yako itabidi uulize kwa isinstance kama umeletewa namba au maandishi, na swali hilo linaulizwa programu ikiwa tayari inaendeshwa. Kwenye Java kompaila inachagua metodi kabla programu haijaanza. Hilo ndilo nataka mwanafunzi aondoke nalo.

Na kwa wanafunzi wanaosoma lugha zote mbili kuna hatari moja. Kwenye Python ukiandika def sema_saa(saa) halafu chini yake def sema_saa(saa, dakika), ya pili inafuta ya kwanza kimya kimya. Hupati onyo. Ukija kuita sema_saa(14) unaambiwa kuna kigezo kimepungua, na mwanafunzi anabaki anashangaa mbona metodi yake ipo pale juu anaiona kwa macho.

#4 chatu

Hapo nimekubali. Python 3.4 ilileta functools.singledispatch inayochagua kwa aina ya kigezo cha kwanza, lakini hata hiyo inachagua wakati wa kuendesha. Nimekupata.

#5 miaka_kazini

Mwalimu, zoezi zuri. Mimi ningeongeza kitu kimoja kabla ya vingine vyote: wanafunzi watabiri kwa kalamu kwanza. Wape karatasi yenye miito, mbele ya kila mmoja waandike itaenda metodi ipi na itatoka nini, au kama kompaila itakataa. Wakishaandika ndipo waendeshe. Mwanafunzi akiendesha kwanza huwa anasema "nilijua", na wewe huwezi kujua kama kweli alijua.

Karatasi yangu ingekuwa na hii:

```
semaSaa(14)
semaSaa(14, 30)
semaSaa("14:30")
semaSaa(8.5)
semaSaa(30, 14)
semaSaa('9')
```

8.5 ina thamani kubwa sana. Wengi watatabiri "saa mbili na nusu", kwa sababu binadamu tunaisoma kama nane na nusu. Kompaila inakataa: hakuna metodi ya double, na double haishuki kuwa int bila mwenye programu kusema. Na (30, 14) inakubaliwa bila neno, kwa sababu kompaila inaona int mbili na haijui ipi ni dakika. Inatoka "saa kumi na mbili na dakika 14 usiku". Mwanafunzi aone kwa macho yake kwamba aina za vigezo zinalinda vitu fulani na vingine hazilindi.

Sababu ya mimi kulishikia bango hili ni kwamba kazini nimeshaungua. Nilikuwa na orodha ya namba, List<Integer>, ndani yake 5, 3, 1. Nilitaka kuitoa namba 1, nikaandika orodha.remove(1). Iliyotoka ni 3. Kuna remove(int) inayotoa kwa nafasi na remove(Object) inayotoa kwa thamani, na 1 yangu ilienda kwenye nafasi. Siku nzima iliisha naitafuta hitilafu sehemu nyingine kabisa. Hilo nalo ni jina moja lililobebeshwa kazi mbili, sawa na mraba na duara wako.

#6 mwaka_wa_kwanza

Shikamoo mwalimu, shikamooni wakubwa. Nimejaribu karatasi ya hapo juu kwenye kompyuta ya maktaba. semaSaa('9') nilitabiri itakataliwa kwa sababu hakuna metodi ya char, yaani herufi moja. Imekubali, na imetoa "saa tatu usiku". Saa tatu ni sahihi kwa 9, lakini kwa nini usiku? Na ilijuaje ni saa tatu wakati nimeweka herufi?

#7 miaka_kazini

Marahaba mdogo wangu. Swali hili ni zuri kuliko yote yaliyoulizwa humu, na mimi mwenyewe nilipoliweka sikujua kama lingetoka hivyo. Twende polepole.

Kompaila ikikosa metodi inayolingana kabisa, inatazama kama kigezo kinaweza kupanuliwa bila kupoteza kitu. char inapanuliwa kuwa int. Kwa hiyo '9' imeenda kwenye semaSaa(int), ila haikwenda na thamani 9. Imekwenda na namba ya herufi hiyo kwenye jedwali la herufi, ambayo ni 57.

Sasa piga hesabu ya mwalimu: 57 + 6 ni 63, gawa kwa 12 inabaki 3. Saa tatu. Na 9 halisi: 9 + 6 ni 15, gawa kwa 12 inabaki 3. Zimegongana kwa sababu tofauti ya '9' na 9 ni 48, na 48 inagawanyika kwa 12 bila baki. Jaribu '7', jaribu '2', saa itatoka sahihi kwa tarakimu zote. Kilichokuokoa ni wakati(57), ambayo imeangukia kwenye "zilizobaki" ikasema usiku. Lisingekuwepo neno la mwisho ungeondoka unaamini programu inaelewa herufi.

Na mpangilio wa kuchagua ushike hivi: kwanza inatafuta kwa aina yenyewe au kwa kupanua, ikikosa ndipo inajaribu kufunga namba ndani ya kitu kama int kuwa Integer, ikikosa tena ndipo inaangalia metodi zenye nukta tatu, zile zinazopokea idadi yoyote ya vigezo. Hatua hizo mbili za mwisho zilikuja na Java 5 mwaka 2004, zikawekwa nyuma ya foleni ili programu za zamani ziendelee kwenda kwenye metodi zile zile. Ukiwa na jaribu(long), long ikiwa ni namba kamili yenye nafasi kubwa kuliko int, na jaribu(Integer), ukaita jaribu(5), inaenda kwenye long.

#8 mwl_java (mleta uzi)

Marahaba mwanangu. Nimelijaribu na mimi usiku huu na nimebaki naitazama skrini. Naongeza ukaguzi juu kabisa ya metodi kubwa:

```
if (saa < 0 || saa > 23 || dakika < 0 || dakika > 59)
    throw new IllegalArgumentException("Muda haupo: " + saa + ":" + dakika);
```

Angalieni kwamba nauweka mahali pamoja tu, na milango yote mitatu imelindwa, kwa sababu yote inapita kwenye metodi kubwa. '9' sasa inaanguka, na (30, 14) inaanguka. Mwanafunzi aliyenakili hesabu ile ile ndani ya metodi zote tatu itabidi aandike ukaguzi mara tatu, na atasahau mmoja. Kwa kusahihisha, huyo nampunguzia alama hata kama majibu yake yote ni sahihi.

#9 wa_kampala

Mwalimu, salamu kutoka Kampala. Huku nako tunahesabu hivyo hivyo, kwa Kiganda saa mbili asubuhi ni ssaawa bbiri, kwa hiyo zoezi hili nitalichukua na kubadilisha safu ya majina tu.

Nina pendekezo: ongeza mlango wa nne, semaSaa(long sekunde), sekunde tangu usiku wa manane. Mifumo mingi inatunza muda kwa sekunde.

#10 mwl_java (mleta uzi)

Karibu sana. Nimeujaribu mlango huo nikaona unafaa kuwekwa kwenye zoezi, ila kama mtego. Sekunde 30600 ni saa mbili na nusu asubuhi. Mwanafunzi ataandika semaSaa(30600), na kwa kuwa 30600 ni int, itaenda kwenye semaSaa(int saa) na kuhesabiwa kama saa ya 30600. Bila ukaguzi inatoka "saa sita usiku". Akiandika 30600L inaenda kwenye long na kutoa sahihi. Herufi L moja ndiyo inaamua kama namba ni saa au sekunde, na hapo tumerudi kwa yule binti na duara lake la 49.

Kwa hiyo sekunde zipewe jina lao, semaSaaKwaSekunde. Nitawaachia wanafunzi waone wenyewe: nitawaomba waongeze semaSaa(long), waite bila L, kisha waniandikie sentensi mbili kwa nini jina lile halifai. Sentensi hizo ndizo zitakazonionyesha kama somo limeingia.

Kuna jingine nimelikumbuka. Wapo wanaoandika static void semaSaa(int saa) inayochapisha, pembeni ya static String semaSaa(int saa) inayorudisha, wakidhani aina ya jibu inatosha kutofautisha. Haitoshi. Ukiita semaSaa(14), peke yake kwenye mstari, kompaila haina cha kuitofautishia.

#11 pwani_kaskazini

Assalaam aleikum. Mwalimu, mimi si mtu wa kompyuta sana, nasoma humu kwa sababu ya mwanangu. Lakini Kiswahili cha programu yako kina pengo. 8:45 inatoa "saa mbili na dakika 45". Nani asemaye hivyo? Hiyo ni saa tatu kasorobo. Na 8:50 ni saa tatu kasoro dakika kumi.

#12 mwl_java (mleta uzi)

Waaleikum salaam mzee wangu. Umesema kweli tupu, na nashukuru kwamba umesimama kwenye lugha. Ukipita nusu, saa inayotajwa ni ile inayokuja. Nimelifanya kuwa swali la tano: metodi kubwa ibadilishwe ili dakika 45 iseme kasorobo ya saa inayofuata, na zinazozidi 30 ziseme kasoro. Metodi ndogo mbili zisiguswe hata herufi moja.

#13 pwani_kaskazini

Vyema. Lakini angalia na neno la mwisho. 18:45 mimi nasema saa moja kasorobo jioni, jioni yako ya saa 18 imekaa sawa. 11:45 je? Kwa hesabu yako itatoka "saa sita kasorobo asubuhi". Mimi nasema mchana.

#14 mwl_java (mleta uzi)

Wakuu, narudi baada ya siku nne. Zoezi nimelitoa jana, vipindi viwili mfululizo.

Sehemu ya kutabiri ndiyo iliyochukua muda mrefu na sijutii. Kwenye 8.5 karibu darasa zima waliandika saa mbili na nusu. Kijana mmoja aliandika semaSaa(08, 30), kompaila ikakataa 08, akaniambia 07 inakubali. Ikabidi nisimamishe darasa nieleze kwamba kwenye Java namba inayoanza na sifuri inasomwa kwa kizio cha nane, na humo tarakimu 8 haipo. Tukaandika semaSaa(010) tukapata saa mbili badala ya saa nne, kwa sababu 010 ni 8. Lakini "08:30" kwenye mlango wa maandishi ilipita salama, kwani Integer.parseInt inasoma kwa kumi. Hilo nimelihamishia kwenye karatasi ya kutabiri.

Yule binti wa duara alikuwa wa kwanza kumaliza la sekunde. Sentensi zake mbili: "Int na long zote ni namba kamili, mtu akiandika namba hafikirii L. Jina semaSaa linamwambia msomaji ataje saa, halimwambii ataje sekunde." Nimezibandika kwenye ubao wa darasa.

Na swali la mzee wangu wa pwani nimelihangaikia. wakati(int saa) inajua saa tu, haijui dakika, na 11:45 inahitaji ijue. Nilianza kuibadilisha metodi yenyewe, kisha nikakumbuka kwamba semaSaaKwaSekunde na majaribio ya wanafunzi tayari yanaiita kwa kigezo kimoja. Swali la sita na la mwisho kwenye karatasi sasa linasomeka hivi:

"Saa 11:45 inatakiwa iseme mchana, na 18:45 ibaki jioni. Miito ya wakati(saa) iliyopo tayari isivunjike. Andika metodi inayokosekana, na uoneshe mstari mmoja tu wa semaSaa utakaoubadilisha."

Nimeangalia daftari zilizokusanywa. Hakuna mahali kwenye swali nilipotaja ovalodingi, na wengi wao wameandika wakati(int saa, int dakika).